Mshika Waya

Mashine ile ilikuwa ya watu wawili, ingawa aliyeiunda alikusudia iwe ya mmoja. Mpini wake ulikuwa mmoja, swichi yake moja, na nyuma yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Lakini waya wake, ule waya mrefu uliovikwa nyuzi za rangi ya kahawia mithili ya kamba za viatu, haukuweza kuachwa ujiburure nyasini bila mwangalizi. Kwa hiyo mtu mmoja alisukuma, mwingine akashika waya. Ndivyo walivyoishi na mashine hiyo ya kukata nyasi, mume na mke, tangu siku ilipoingia nyumbani kwao.

Mume alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo. Meneja wa kiwanda alipojinunulia mashine ya petroli, ile ya umeme ikawekwa kando isubiri kutupwa, na fundi akaiomba. Aliileta kwa mkokoteni, akaifungua yote juu ya meza ya chakula, na mpaka alipomaliza kuifunga tena familia ilikuwa imezoea kula na sahani magotini. Tangu hapo uwanja mdogo wa nyasi uliokuwa mbele ya nyumba yao ukawa gumzo. Majirani wakambatiza fundi jina la Kinyozi, wakidai kwamba nyasi zake zilinyolewa vizuri kuliko ndevu zake. Mkewe, bila kuulizwa, akawa Mama Kinyozi, na jina likamganda.

Mama Kinyozi naye alikuwa opereta wa simu. Alishinda mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka na kuchomoa nyaya ili watu wasiojuana naye wazungumze na watu wao. Mumewe hakuchoka kumtania kwamba yeye ameumbiwa waya: kazini waya, nyumbani waya. Mkewe alimjibu kwamba wale wa kazini angalau husema asante.

Mota ya mashine ile ilikuwa na sauti kubwa, hivyo wakikata nyasi hawakuweza kusemezana. Badala yake walizungumza kwa waya. Mume akiuvuta mara mbili, maana yake ilikuwa, nilegezee. Mke akiuvuta mara moja tu, maana yake ilikuwa, simama. Fundi alisimama kila mara, akazima, akageuka na kuuliza kuna nini. Wakati mwingine kulikuwa na jiwe, wakati mwingine waya ulikuwa umefika mwisho wake. Na mara nyingine, jambo ambalo Mama Kinyozi hakuwahi kumwambia mtu, hapakuwa na kitu chochote. Alitaka tu ageuke.

Fundi alifariki mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Nyasi hazikujua kwamba kuna msiba. Ziliota, zikapita kifundo cha mguu, zikafika karibu na goti, huku mashine ikiwa stoo chini ya shuka kuukuu. Watu waliokuja kuhani waliondoka mmoja mmoja, na nyumba ikabaki na sauti ya friji. Mama Kinyozi alianza kuacha redio ikiongea chumbani hata alipokuwa jikoni, ili atakapotoka jikoni akute kuna mazungumzo.

Binti yake wa pekee aliishi mji mwingine, kwenye jengo refu, ghorofa ya tatu. Alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili alirudia yale yale: huku kuna lifti, kuna wajukuu, kuna chumba chenye dirisha, Mama anang'ang'ania nini huko? Hatimaye Mama Kinyozi alikubali shingo upande. Wapangaji walipatikana, wangeingia mwisho wa mwezi. Vyombo viligawiwa. Kilichobaki ni mashine. Ghorofani hakuna nyasi, na wapangaji walikwisha sema wazi kwamba uwanja ule watausakafia waegeshe gari. Binti alisema, bila ubaya wowote, kwamba asipopatikana wa kuitaka ataitwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Ulikuwa usemi wa kawaida tu, lakini ulimkaa mama yake kooni kama mwiba wa samaki. Vyuma chakavu hupigwa nyundo vikapasuliwa. Alimwomba binti amtafutie mtu, yeyote, ambaye angeichukua mashine ikiwa nzima na inayofanya kazi. Binti akatafuta picha ya mashine hiyo kwenye albamu yake, akaiweka mtandaoni, na baada ya siku chache simu ya mezani ikalia.

Aliyepiga alijitambulisha kuwa mkusanyaji wa mashine za zamani za nyumbani. Alikuwa na ukumbi mzima, alisema, wa cherehani, pasi za mkaa, redio na mashine za nyasi. Sauti yake ilikuwa ya haraka na yenye adabu. Alieleza kinachoipa thamani mashine ya namna ile: rangi yake ya kwanza, hata kama imebanduka, mradi haikupakwa nyingine juu yake, kibati cha namba, mpini wa mbao wa asili. Kisha akauliza kama inawaka.

"Inawaka," alisema Mama Kinyozi, ambaye hakuwa ameigusa tangu mazishi.

"Na waya wake, mama? Umekatwa mara ngapi?"

"Haujawahi kukatwa."

"Mama, mimi ninazo nne kama hiyo. Zote nyaya zake zimekatwa na visu vya mashine zenyewe, zikaungwa, zikakatwa tena. Kila mwenye mashine hii hukata waya, leo au kesho. Haujawahi kabisa?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiushika," akasema.

Mkusanyaji akasema angekuja Jumamosi. Na kama mashine inawaka, na waya ni ule ule, mzima, basi itakuwa ya kwanza ya aina yake ukumbini kwake, na ataiweka mahali pa mbele kabisa.

Mama Kinyozi aliporudisha simu mahali pake, alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilimshangaza mwenyewe. Alikuwa amesifiwa kwa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuiona kuwa kazi.

Siku iliyofuata aliitoa mashine stoo. Aliilaza kwa ubavu, kama mumewe alivyofanya, akakwangua nyasi zilizokauka chini yake kwa kipande cha mti, kwa kuwa chuma huikwaruza rangi na maji huiozesha mota. Kisu akakinoa kwa tupa, upande huu na upande ule sawasawa, kisha akakining'iniza kwenye msumari ukutani kwa tundu lake la katikati ili aone kama kuna upande unaolemea. Beringi akazitia grisi. Kila kitu kilitii. Ila alipoichomeka na kuiwasha pale pale verandani, mota ilikoroma kidogo, ikarusha cheche za buluu, ikanyamaza. Aliifahamu sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya kaboni zilizokwisha, vile vipande viwili vidogo vyeusi vinavyougusa moyo wa mota ili umeme upite, na ambavyo hulika taratibu kama chaki.

Alizichomoa kwa bisibisi, akazifunga kwenye leso, akaenda nazo dukani kwa muuza spea za umeme. Muuzaji alikuwa kijana mnene mwenye maneno mengi. Alizigeuzageuza kiganjani.

"Mama yangu, hizi hukuzitoa kwenye mashine. Hizi umezichimbua ardhini."

"Kama huna, sema huna."

"Hatujafika huko. Kwanza niambie, hiyo mashine inakata nyasi, au inazisimulia hadithi mpaka zinalala zenyewe?"

Mama Kinyozi akacheka. Kicheko kilitoka na vumbi, kama kitu kilichokaa kabatini. Muuzaji akafurahi, akapekua droo zake, akamletea kaboni za mashine ya kutobolea, nene kidogo, akamwonyesha jinsi ya kuzisugua kwa msasa mpaka ziingie bila kubanwa. Kisha, akiwa anazifunga kwenye gazeti, akasema kwamba babu yake alikuwa na mashine ya waya kama hiyo, na kwamba ilikuwa kazi ya watu wawili.

"Mzee yupo wa kukusaidia, eti?"

"Yupo," akasema Mama Kinyozi.

Neno lilimtoka lenyewe. Alilipia, akatoka, akalibeba neno lile njia nzima mpaka nyumbani. Alipofungua mlango hakuwa na mahali pa kuliweka.

Ijumaa alasiri kaboni zilikuwa zimekaa sawa. Aliwasha, na mota ikaunguruma kwa sauti ile ile iliyowahi kuwatoa majirani madirishani. Angeweza kuzima hapo, akaifuta kwa kitambaa na kuisubiri Jumamosi. Lakini nyasi zilikuwa zimefika gotini, na hakutaka mtu aliyeambiwa habari za Kinyozi aje auone uwanja wake ukiwa pori. Zaidi ya hayo, katika miaka yote ile hakuwahi kuusukuma mpini ule hata hatua moja. Alivaa mabuti ya mpira ya mumewe, akautupa waya begani ili usimtangulie, akaanzia karibu na soketi, kwa sababu ndiko fundi alikoanzia: unakata ukienda mbali na soketi, waya ubaki nyuma juu ya nyasi zilizokwisha katwa.

Mwanzo kazi ilimpendeza. Nyasi zilikuwa ndefu, ikabidi aiinue mashine kwa mbele na kuishusha kidogo kidogo, nazo zikalala kwa utii. Alipita mstari wa kwanza, akageuza. Akapita wa pili. Mikono ilitetemeka kwa mtetemo wa mpini, na akaelewa kwa nini mumewe hakuweza kushika kikombe vizuri baada ya kukata nyasi. Alikuwa amefika karibu na katikati ya uwanja, akiwaza hilo, wakati waya ulipovutika begani mwake. Ulivutika mara moja tu.

Mvuto mmoja ulikuwa wake yeye kuutuma. Hakuwahi kuupokea. Lakini mwili wake ulijua maana yake, na ulijua pia kile ambacho mtu wa mpini alipaswa kufanya.

"Kuna nini?" akauliza kwa sauti, akageuka.

Mtu wa mpini alipaswa kuzima kwanza. Hilo fundi hakulisahau hata siku moja. Mama Kinyozi, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiuona uso wake ukigeuka na si kidole chake kwenye swichi, aligeuka pamoja na mashine ikiwa inawaka. Aliona waya ulivyonasa kwenye kona ya ngazi ya veranda. Aliona mahali alipokuwa akisimama yeye, pembeni ya ngazi, ambapo nyasi hazikuwahi kuota vizuri kwa sababu ya miguu yake. Hapakuwa na mtu. Kisha mashine ikaruka kidogo mikononi mwake, kwa sauti kama ya mtu anayevunja muwa, na kila kitu kikanyamaza.

Mota ilinyamaza. Ndani ya nyumba swichi kuu ilikuwa imejizima yenyewe, na friji ikanyamaza, na redio ikanyamaza katikati ya sentensi. Mama Kinyozi alisimama na mabuti ya mumewe, mikono bado iko kwenye mpini. Hakuumia. Alikaa pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili kujua kwamba hakuumia.

Waya ulikuwa umekatwa pawili na kutafunwa kati, sehemu ya urefu wa mkono mzima. Kwanza alienda kuichomoa plagi ukutani, ndipo akaziokota ncha mbili, akakaa kwenye ngazi akiwa amezishika, moja mkono huu na nyingine mkono ule, kama alivyozoea kuzishika nyaya za ubao wa simu. Yale machozi ambayo hayakumtoka makaburini yalimtoka hapo, mchana kweupe, mbele ya nyasi zilizonyolewa nusu.

Jumamosi asubuhi aliuunga. Alimenya ncha, akasokota rangi kwa rangi, akazungushia utepe mweusi tabaka juu ya tabaka. Halafu akaukunja waya kwa vitanzi vikubwa vilivyolegea, si kwa kiwiko, maana kiwiko huusokota waya mpaka ukavunjika ndani kwa ndani. Alipomaliza akaona kwamba kiungo kimeangukia katikati ya vitanzi, mahali ambapo jicho lisingefika upesi. Aliutazama mzigo ule mzuri wa kahawia. Mkusanyaji angefika, angeufurahia, angeondoka, na binti asingemwita mtu wa vyuma chakavu. Aliunyanyua, akaupeleka verandani, akauweka juu ya kiti. Akaenda jikoni. Akarudi, akaukunjua wote na kuukunja upya, kiungo kikiwa juu.

Mkusanyaji alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alipoiona mashine alivua kofia. Aliipapasa rangi yake ya kijani iliyobanduka pembeni. Alipiga magoti akasoma kibati. Akausifu mpini. Kisha jicho lake likaangukia kwenye kiti, juu ya utepe mweusi, na mkono wake ukasita.

Mama Kinyozi akamweleza kwamba aliukata yeye mwenyewe, jana. Hakueleza kwa nini aligeuka.

Mkusanyaji akairudisha kofia kichwani. Haikuwa hasira, ilikuwa huzuni ya mtu aliyeota chakula akaamka na njaa. Alisema kwamba bado angeichukua, ila si kwa ile nafasi ya mbele. Ingekaa na zile nne. Mama Kinyozi akauliza kama zile nne zinawaka. Hajui, akajibu, haziwashwi. Mashine za ukumbini haziwashwi, kwa sababu kila inapowashwa inaliwa kidogo, na thamani yake inaliwa nayo.

"Kwa hiyo hujawahi kuisikia?"

"Mama, mimi nakaa ghorofani. Hata nyasi zangu ni za kwenye mkeka."

Kama mashine ingekwenda kulala milele kwenye safu ya zile nne, Mama Kinyozi aliona, basi tofauti yake na vyuma chakavu ilikuwa nyundo tu. Lakini hakusema hivyo. Alichomeka plagi, akauchukua waya mkononi, akasimama mahali pake pembeni ya ngazi, akamwambia mgeni wake ashike mpini, kwa kuwa kazi ilikuwa imefika nusu na yeye hapendi kazi ya nusu.

Mkusanyaji alipoiwasha alishtuka, kisha uso wake ukafunguka. Alisukuma kwa woga, akapinda, akaacha mistari ya nyasi kama kichwa cha mtoto aliyejinyoa mwenyewe. Mama Kinyozi alimfuata na waya, akilegeza, akikusanya, mikono ikifanya yenyewe kazi inayoijua. Mgongo uliokuwa mbele yake ulikuwa mwembamba mno, na shati lilikuwa jeupe mno, lakini akifumba macho kidogo sauti ilikuwa ile ile, na harufu ya majani mabichi ilikuwa ile ile. Katikati ya uwanja hapakuwa na jiwe. Waya haukuwa umefika mwisho. Akauvuta, mara moja tu.

Mgongo ukaendelea. Ulikwenda mpaka mwisho wa mstari, ukageuza kwa taabu, na mkusanyaji akaja akimtazama kwa furaha ya mtoto, bila kuzima, bila kuuliza.

Kwa kuwa waya ulikuwa umepungua urefu wa mkono, haukufika tena kwenye ukuta wa uwanja. Ukanda mwembamba wa nyasi ndefu ukabaki umesimama huko mwisho. Mkusanyaji alitaka kwenda kuazima waya wa kuongezea kwa jirani, lakini Mama Kinyozi akamwambia auache. Wapangaji wangekuja na saruji yao.

Walikunywa maji verandani. Mikono ya mkusanyaji ilitetemeka, kikombe kikagonga meno yake, akacheka.

"Kuna wakati nilihisi kama kitu kimenivuta," akasema. "Nikadhani waya umenasa ukajinasua."

"Nilikuwa mimi. Ukivutwa mara moja ni kusimama."

"Kwani kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu."

Mkusanyaji akautazama uwanja. Alikuwa na akili ya kutosha kutouliza tena. Akasema, kama anayejisemea, kwamba nyuma ya ukumbi wake kuna kiwanja chenye majani, si kikubwa. Kwamba labda si vibaya ukumbi ukawa na mashine moja inayosikika. Waya uliounganishwa hauna thamani ya kupoteza, kwa hiyo hii angalau ingeweza kuwashwa mara moja moja, wageni wakija.

Mama Kinyozi akasema ataitoa kwa sharti moja: isiwashwe na mtu mmoja.

"Nitampata wapi wa pili? Mke wangu haipendi hata cherehani. Labda dada yangu. Lakini yule, mama, anapenda kutoa amri."

"Huyo ndiye anayefaa."

Akamfundisha yote: kisu kwenye msumari, kipande cha mti badala ya chuma, vitanzi vikubwa visivyopita kwenye kiwiko. Mwisho akamfundisha mivuto, ule wa mara mbili na ule wa mara moja, na kwamba ukivutwa unazima kwanza ndipo unageuka. Mkusanyaji aliyarudia kwa sauti kama mwanafunzi, na bei wakakubaliana bila kubishana.

Aliisukuma mashine kuelekea getini, ambako gari lake lilikuwa limeegeshwa. Mama Kinyozi alikwenda nyuma yake na waya mkononi, hatua zile zile, umbali ule ule, maana hakujua njia nyingine ya kutembea nyuma ya mashine ile. Walivuka nyasi zilizokatwa. Mkusanyaji akaipakia, akaifunika kwa blanketi, akaifunga kwa kamba. Ncha ya waya tayari ilikuwa ndani, imeshikamana na mashine. Vitanzi vingine vyote vilikuwa bado mikononi mwa mwanamke aliyesimama getini.

Mkusanyaji akanyoosha mkono kuupokea. Akaona hautolewi. Aliushika waya pale ulipotokea chini ya blanketi, akauvuta taratibu, mara moja tu.

Mama Kinyozi akauachia. Gari lilipoondoka alikuwa bado amesimama.